Mikisa ya redio ya kupokea: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Dodoma

Ukurasa huu ni wa mafundi redio, wanafunzi wa elektroniki na watu wanaopenda kujijengea redio zao, hasa walioko Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Niongeze ampulifaya gani ili redio yangu ishike vizuri?" Karibu kila mara jibu langu ni kwamba bado hujafika kwenye ampulifaya. Iangalie kwanza mikisa, yaani sehemu inayolichanganya wimbi la antena na wimbi linalotengenezwa ndani ya redio. Redio nyingi zinazolalamikiwa kwamba ni dhaifu hazina upungufu wa nguvu. Mikisa yake imezidiwa, imeendeshwa chini ya kiwango, au imefungwa kwenye kitu kisichoifaa.

Hii mikisa ndiyo ile ya ma-DJ na ya makanisani?

Hapana. Mikisa ya sauti hujumlisha: maikrofoni na kinanda vinaingia, vyote viwili vinatoka kama vilivyo. Mikisa ya redio huzidisha. Ukiipa masafa mawili inatoa mapya mawili, jumla yao na tofauti yao. Kazi yote ya kupokea inajengwa juu ya ile tofauti (au jumla, kwa baadhi ya michoro).

Ukiwa na dishi, basi una mikisa juu ya paa. Ndani ya LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi) ya kawaida ya bendi ya Ku kuna osileta, saketi inayotengeneza wimbi lile la ndani, yenye masafa mawili, MHz 9,750 na MHz 10,600, na king'amuzi ndicho kinachochagua itumike ipi. Setilaiti ikirusha kwenye MHz 11,000, mikisa inatoa 11,000 kuondoa 9,750, na MHz 1,250 ndiyo inayoteremka kwenye waya mpaka sebuleni. LNB ya bendi ya C, ya yale madishi makubwa, ina osileta ya MHz 5,150. Fundi wa madishi akikosea namba hizo kwenye mpangilio wa king'amuzi, chaneli hazionekani hata kama dishi limeelekezwa sawasawa, kwa sababu king'amuzi kinaitafuta tofauti isiyokuwepo.

Kwa nini redio isikuze tu wimbi la kituo lilivyo?

Inawezekana, na redio za mwanzo zilifanya hivyo. Shida ni kuchuja. Filta nzuri yenye kingo kali ni rahisi kuijenga kwa masafa mamoja yasiyobadilika, na ni mateso kuijenga iwe inahama kila unapozungusha kitafutio. Edwin Armstrong, akiwa na jeshi la Marekani huko Ufaransa mwaka 1918, alipata njia ya kukihamisha kila kituo kije kwenye masafa ya kati yaleyale, halafu kuchuja na kukuza kufanyike hapo. Mfaransa Lucien Lévy alikuwa amefika kwenye wazo hilohilo kipindi kilekile. Redio ya AM uliyonayo nyumbani hutumia masafa ya kati ya kHz 455 hivi, na ya FM hutumia MHz 10.7. Fungua redio yoyote ya zamani ya FM utaviona vile vifilta vya kauri vya miguu mitatu vilivyoandikwa 10.7.

Naishi karibu na uwanja wa ndege. Mbona redio yangu ya FM inaingiza sauti za marubani?

Hili ni swali zuri sana, kwa sababu linakuonyesha kasoro kubwa ya mikisa bila kifaa chochote cha kupimia.

Tuseme umeiweka redio kwenye MHz 98. Osileta yake iko juu kwa 10.7, yaani MHz 108.7. Mikisa inatoa tofauti ya 10.7, kituo kinasikika. Lakini mikisa haijui tofauti hiyo imetoka upande gani. Wimbi la MHz 119.4 nalo liko mbali na osileta kwa 10.7 ileile, kwa hiyo nalo linapita. Tunaliita masafa pacha. Sasa fanya hesabu kwa bendi nzima ya FM, kuanzia MHz 87.5 hadi 108: pacha zake zinaanzia MHz 108.9 na kuishia MHz 129.4, na bendi ya ndege iko kati ya MHz 108 na 137, vifaa vya kuongozea ndege vikiwa chini ya MHz 118 na sauti za marubani juu yake. Pacha za bendi nzima zimeangukia humo. Ndege hutumia AM, ndiyo maana sauti kwenye redio ya FM inakuja imepasukapasuka.

Mikisa ya kawaida haiwezi kuliondoa pacha likishaingia, kwa kuwa baada ya kuchanganywa hayo mawili yamekuwa kitu kimoja. Dawa iko kabla ya mikisa: filta inayopitisha MHz 88 hadi 108 na kukata kwa nguvu juu yake. Redio za bei ndogo zina koili moja tu ya kuchagulia masafa hapo mbele, au hazina kabisa. Ukiongeza filta ya hatua tatu yenye koili za hewa na kapasita za kauri aina ya NP0 (zisizoyumba kwa joto), pacha linashuka sana na kituo chako hakipungui kwa kiasi cha kuonekana. Koili za hewa zisogeze kwa kijiti cha plastiki au cha mbao. Bisibisi ya chuma inabadilisha thamani ya koili huku unaipanga.

Njia nyingine ni kupandisha masafa ya kati. Pacha hukaa mbali na kituo mara mbili ya masafa ya kati, kwa hiyo masafa ya kati yakiwa makubwa, pacha linakuwa mbali na filta nyepesi inatosha. Chukua redio ya masafa mafupi kwenye MHz 7.1. Ukitumia masafa ya kati ya kHz 455, pacha liko MHz 8.01, jirani kabisa. Ukitumia MHz 9 na osileta ya MHz 16.1, pacha liko MHz 25.1, na hata filta ya kubahatisha italizuia.

Redio niliyoijenga inafanya kazi vizuri Bahi, lakini nikija nayo mjini imejaa vituo visivyoeleweka. Imeharibika?

Haijaharibika. Imezidiwa. Mjini minara ya FM iko karibu, na wimbi linalofika kwenye antena ni kubwa mara maelfu kuliko la kijijini.

Mikisa yoyote ikisukumwa kupita kiasi huacha kuzidisha kwa usafi na kuanza kutunga vituo vya uongo. Mfano wa kukokotoa: vituo viwili vyenye nguvu, kimoja MHz 93 na kingine MHz 95. Mikisa iliyozidiwa itazaa MHz 91 (mara mbili ya 93, toa 95) na MHz 97 (mara mbili ya 95, toa 93). Ukipiga 91 au 97 utasikia mchanganyiko wa vyote viwili pamoja, na filta yoyote ya masafa ya kati haikusaidii, maana kituo hicho cha uongo kimezaliwa ndani.

Kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Weka kipunguzi cha dB 10 kati ya antena na redio (dB, desibeli, ni kipimo cha wimbi limekua au limepungua mara ngapi). Ni rezista tatu tu: omu 68 katikati ya njia, na omu 100 kila upande kwenda ardhini. Kila dB 1 unayoipunguza kwenye vituo halisi inapunguza dB 3 kwenye vituo vya uongo. Kwa hiyo ukikata dB 10, ukweli unapungua 10 na uongo unapungua 30. Kwenye FM kituo cha kweli chenye nguvu hutaona kimebadilika, cha uongo kitapotea kabisa. Kikipotea, umepata jibu: redio ilikuwa na nguvu nyingi mno mbele ya mikisa. Ondoa ampulifaya ya mbele, au acha kipunguzi na swichi yake humohumo ndani. Nimeona watu wakinunua antena kubwa zaidi kwa tatizo hili, na inawauma zaidi.

Mikisa ya aisi na ya dayodi, ipi bora?

Inategemea unakaa wapi na redio ni ya nini.

Aisi (IC) ya SA612 (na ndugu yake NE602) inatumia muundo wa transista sita ambao Barrie Gilbert aliuchapisha mwaka 1968. Inakuza wimbi kwa dB 17 hivi, inakula milliampia mbili na ushee tu, na osileta imo humohumo. Kwa redio ya betri ya kijijini, ambako hakuna mnara wa karibu, ni kifaa kitamu. Udhaifu wake ni uvumilivu. Kipimo cha uvumilivu wa wimbi kubwa, ambacho wataalamu hukiita nukta ya makutano ya daraja la tatu, kwa aisi hii ni dBm 13 chini ya sifuri (dBm ni nguvu ikilinganishwa na milliwati moja, na namba ikiwa kubwa uvumilivu ni mkubwa).

Mikisa ya dayodi nne haikuzi. Inapoteza dB 6 hadi 7. Hata dayodi zingekuwa kamilifu ungepoteza karibu dB 4, ni hesabu ya swichi yenyewe. Lakini nukta yake ya makutano iko juu ya dBm 10. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya dB 20, na kwa vituo vya uongo tofauti inakuwa mara mbili yake, zaidi ya dB 40. Kwa redio itakayotumika hapa mjini, Area C, Majengo au Nkuhungu, mimi nachagua dayodi bila kusita, halafu narudisha nguvu iliyopotea kwa ampulifaya baada ya mikisa.

Ipo pia njia ya tatu, aisi za swichi kama FST3125. Zinavumilia wimbi kubwa, ni rahisi kuzitumia, na kwa masafa mafupi zinafanya kazi nzuri sana.

Nataka kuijenga ya dayodi mwenyewe. Nianzie wapi?

Anza na dayodi. Unahitaji nne za Schottky, kama 1N5711 au BAT43, na zifanane. Nunua kumi au zaidi, weka multimita kwenye alama ya dayodi, pima moja moja na uandike milivolti. Chagua nne zilizokaribiana, tofauti isizidi milivolti 5. Usizishike kwa vidole wakati wa kupima. Volteji ya dayodi hushuka milivolti 1 hadi 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, na vidole vyako vina joto la kutosha kukudanganya. Zipange kwenye kipande cha boksi, ziache dakika kadhaa, pima kwa ncha za waya. Chumba cha bati saa nane mchana hapa kwetu si mahali pa kufanya kazi hii, fanya asubuhi.

Kisha transfoma mbili. Kila moja ni pete ndogo ya feraiti, FT37-43 ndiyo iliyozoeleka, inayosokotwa na waya tatu kwa pamoja. Waya wa kusukia mota unafaa. Kata vipande vitatu vya urefu sawa, vibane upande mmoja, visokote kwa mkono mpaka vikae kama kamba ya mizunguko mitatu au minne kwa kila sentimita, halafu ipitishe kamba hiyo ndani ya pete mara kumi. Kila inapopita katikati ya pete ni mzunguko mmoja.

Kosa linaloangusha wengi liko kwenye miisho. Una waya tatu, kwa hiyo mianzo mitatu na miisho mitatu. Kwangua vanishi, tafuta kwa multimita mwanzo upi ni wa mwisho upi, weka rangi ya kucha. Waya wa kwanza unabaki peke yake. Mwisho wa waya wa pili unaunganishwa na mwanzo wa waya wa tatu, na hapo ndipo katikati. Ukiunganisha mwanzo kwa mwanzo, nusu mbili zinauana na mikisa haitoi kitu.

Dayodi nne zinafungwa kwa duara, zote zikifuatana mwelekeo mmoja, mshale nyuma ya mshale. Hii si sawa na daraja la kubadilishia umeme wa AC kuwa DC, ingawa kwa kutazama zinafanana. Zikate miguu mifupi kabisa, na urefu wa miguu uwe sawa pande zote. Ulinganifu huo ndio unaozuia osileta kuvuja kwenda kwenye antena.

Osileta iwe na nguvu kiasi gani?

Kwa dayodi nne za kawaida, dBm 7, yaani milliwati 5. Ikipungua, dayodi hazifunguki na kufunga kwa ukali, na hasara na vituo vya uongo vinaongezeka kwa pamoja. Wengi hulaumu dayodi wakati osileta ndiyo iliyolegea. Moduli ya Si5351, chipu ya kutengeneza masafa ambayo inauzwa sana mtandaoni, ikipangwa kwenye mkondo wake mkubwa inatosha kuiendesha, na wimbi lake la mraba ni zuri kwa kazi hii.

Usafi ni muhimu kama nguvu. Osileta yenye kelele pembeni mwake huihamishia kelele hiyo kwenye kila kituo kikubwa inachokutana nacho, na kituo dhaifu cha jirani kinafunikwa. Usiilishe osileta kwa chaja ya simu. Betri, kisha kidhibiti cha volteji aina ya 78L05 (au cha volti 3.3 kama moduli inataka hiyo), na kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini.

Ukijenga osileta ya koili na kapasita, jua la hapa litakusumbua. Asubuhi ya Julai ni baridi, mchana ni joto, na redio iliyopangwa saa kumi na mbili inakuwa imehama kufikia saa sita. Tumia kapasita za NP0, ifunge kwenye boksi la bati, au tumia kristali.

Nimefuata mchoro neno kwa neno, bado mikisa inafanya vibaya. Kwa nini?

Angalia imefungwa kwenye nini. Mikisa ya dayodi inataka kuona omu 50 kwenye milango yake, na inataka kuziona kwa masafa yote, pamoja na jumla usiyoihitaji. Ukiifunga moja kwa moja kwenye filta ya kristali, filta inapokea masafa yake na kuyarudisha mengine yote nyuma. Yanarudi kwenye dayodi, yanachanganywa tena, na hapo uvumilivu uliolipia unaondoka.

Dawa rahisi ni kipunguzi cha dB 3 kwenye mlango wa masafa ya kati: rezista ya omu 18 katikati na omu 300 pande zote mbili. Unapoteza nguvu kidogo, unapata amani. Dawa bora ni filta ya njia mbili, inayopeleka masafa ya kati mbele na kuyamwaga mengine kwenye rezista ya omu 50 ili yafie hapo.

Niko kijijini Kongwa, kituo ni dhaifu kweli. Hapo si niweke ampulifaya mbele?

Hapo ndiyo, kama ni FM au juu zaidi. Hesabu ya mhandisi Harald Friis ya mwaka 1944 inaonyesha kwamba hatua ya kwanza ndiyo inayoamua kelele ya redio nzima. Mikisa yenye hasara ya dB 7 ikifuatiwa na ampulifaya yenye kelele ya dB 3 inakupa jumla ya dB 10. Tanguliza ampulifaya ya dB 15 yenye kelele ya dB 1.5, na jumla inashuka hadi dB 2.3 hivi. Ni mabadiliko makubwa, utayasikia.

Lakini weka filta pia kati ya ampulifaya hiyo na mikisa. Bila filta, kelele ya ampulifaya kwenye masafa pacha nayo inaingia, na unarudisha hadi dB 3 za ulichopata. Kumbuka pia kwamba dB 15 ulizoongeza mbele zimeondoa dB 15 kwenye uvumilivu. Kongwa hiyo si hoja. Ukihamia mjini nayo, ni hoja kubwa.

Chini ya MHz 10 usijisumbue. Kelele ya angani, hasa ya radi za ukanda wetu wa tropiki, ni kubwa kuliko kelele ya mikisa yoyote nzuri. Utaikuza radi.

Hizi redio za kompyuta za kuchomeka kwenye USB nazo zina mikisa?

Zinayo. Hata simu yako inayo. Tofauti ni kwamba nyingi hushusha kituo hadi sifuri au karibu na sifuri, kwa mikisa mbili zinazofanya kazi pamoja, moja ikiwa nyuma ya nyingine kwa nyuzi 90. Hesabu ya kompyuta ndiyo inayolitoa pacha. Ulinganifu ni kila kitu: kosa la nyuzi moja tu linaliacha pacha likiwa dB 41 chini, kiasi kinachoonekana wazi kwenye skrini kama kituo kikubwa kipo jirani. Ule mstari unaosimama katikati ya skrini kwenye redio za aina hii si kituo. Ni volteji ya DC inayotokana na osileta kuvuja na kujichanganya yenyewe. Sogeza masafa ya katikati pembeni kidogo ya kituo unachokitaka, basi.

Vile vya bei nafuu vyenye chipu ya RTL2832U vina biti 8 tu, kwa hiyo vinazidiwa mapema. Kipunguzi cha dB 10 na filta ya kuzuia FM vinavibadilisha kabisa hapa mjini.

Nikiwasha sola, redio inanguruma. Ni mikisa?

Hapana. Ni chaja kontrola au inveta ya sola, na wakati mwingine taa za LED. Zima kimoja kimoja usikie. Peleka antena mbali na nyaya hizo.

Nahitaji leseni?

Ukitaka kurusha mawimbi, kwa mfano redio ya ridhaa (ya watu wanaowasiliana kwa redio kama burudani), unaomba TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwanza. Kwenye kujenga redio ya kupokea, la msingi ni kuhakikisha osileta yako haivuji: boksi la chuma, mikisa iliyolingana, na filta mbele. Na ukisikia mazungumzo ya ndege kwa bahati, yaache hapohapo. Usiyarekodi na kuyasambaza.

Vipuri navipata wapi bila kusubiri mzigo wa Dar?

Kwenye redio zilizokufa. Redio ya gari ya zamani inakupa filta za 10.7, kristali na koili zenye vikombe vya chuma. Vitafutio vya chaneli (tuna) vya televisheni za zamani vina dayodi na transista nzuri za masafa ya juu. Pete za feraiti za kwenye taa za kuokoa umeme ziko nyingi, ila ni za aina nyingine, zilizotengenezwa kwa ajili ya umeme. Zijaribu kwanza kwenye masafa ya chini ya MHz 2 kabla ya kuziamini kwenye mikisa ya juu. Za FT37-43 bado itabidi uagize, na ukiagiza chukua kumi, maana pete hizi zikianguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka.